Poka ya kasino meza za dola 1 na 3: subiri, afu walipishe

Wakuu, hii ni kwa wale wa huku Marekani, wabongo, wakenya na wengine wote, ambao wikiendi mnaingia kasino mnakaa meza ya poka ya dola 1 na 3, saa nane usiku mnatoka mifuko mitupu mnasema leo karata zimenigomea. Karata hazimgomei mtu. Kwenye hizi meza ndogo hela inatoka kwa wasioweza kusubiri inaenda kwa wanaoweza, na kusubiri kwenyewe ni nusu ya kazi tu, nusu nyingine ni kujua kumlipisha mtu ukishashika kitu cha maana, na hapo ndo wavumilivu wengi wanaharibu, wanakaa saa mbili wanatupa karata, wakipata mkono mzuri wanabeti dola 10 kwa woga wanashinda dola 12 wanarudi kulala.

Tuelewane kwanza. Naongelea Texas Hold'em (kila mtu ana karata zake mbili, tano za mezani ni za wote) isiyo na kikomo cha kubeti, ya hela taslimu, siyo mashindano, blaindi ndogo dola 1 na blaindi kubwa dola 3 (hela za lazima ambazo watu wawili wanaweka kwa zamu kabla ya karata kugawiwa), sehemu zingine 1 na 2. Hizi ndo meza za chini utakazokuta mara nyingi Las Vegas pale Bellagio au Venetian, na huku mashariki kwenye kasino za Maryland kama MGM National Harbor. Siyo ile poka ya kadi ya mtaani Nairobi ya jeki anaruka, mbili unaokota na mwisho unasema niko kadi. Kama hiyo ndo pekee unayoijua basi cheza kwanza Hold'em ya bure kwenye simu mpaka ujue nini kinapiga nini bila kufikiria, afu urudi hapa. Na kama dini yako inakataza kamari, heshimu dini yako, wala sina neno la kukushawishi.

Kwanini subira inalipa

Ukicheza ruleti ya Kimarekani, ile yenye sifuri mbili, nyumba, yaani kasino, inakula asilimia 5.26 ya kila dola unayoweka, na hakuna akili wala uvumilivu utakaobadilisha hesabu hiyo, ukikaa sana utapoteza tu. Poka nyumba haichezi na wewe, inakupa meza na viti na dila wa kugawa karata, inakata kamisheni kwenye poti (hela zote zilizobetiwa kwenye mkono mmoja), wanaobaki kunyang'anyana hela ni nyie tisa mliokaa. Kwahiyo huhitaji kuwa bingwa wa dunia, unatakiwa uwazidi hao wanane kwa kiasi cha kutosha kulipia kamisheni na ubaki na chenji.

Kamisheni yenyewe sasa siyo ya kuchezea. Sehemu nyingi wanakata asilimia 10 ya poti mpaka ifike kama dola 5, wanaongeza dola 1 au 2 ya jackpoti, na ukishinda poti unamwachia dila dola 1 maana ndo ustaarabu wa huku na wale wanaishi kwa hizo. Piga hesabu, dila anagawa mikono kama 30 kwa saa, tuseme kila mkono unatoka dola 5, hizo ni dola 150 zimeondoka mezani kila saa, gawa kwa 9 ni karibu dola 17 kila kiti. Lakini uzuri ni kwamba anayelipa ni yule anayeshinda poti, tena makato yana mwisho, kwahiyo jamaa anayeingia kila mkono na kuokota vipoti vya dola 20 anailipa nyumba usiku kucha, wakati wewe uliyeingia mara chache ukabeba poti ya dola 400 umekatwa 5 tu. Umeona hapo? Kasino yenyewe imekuwekea bei nafuu ukikaa kimya.

Na kukaa bila kucheza kunagharimu kiasi gani? Mzunguko mmoja wa meza ya watu 9 unalipa blaindi zote mbili, dola 4, kwa saa moja mizunguko ni mitatu na kidogo, kwahiyo ni kama dola 13 kwa saa. Poti moja nzuri inalipa usiku mzima wa kusubiri. Ndo maana mtu akisema blaindi zinanimaliza kwenye meza ya hela taslimu ujue amechoka tu kukaa, kwenye mashindano blaindi zinapanda, hapa saa kumi jioni ni dola 3 na saa tisa usiku ni dola 3 ileile, hakuna anayekukimbiza.

Mtaji

Usikae mezani na hela ya kodi ya nyumba, karo, wala ile uliyomuahidi mama utaituma Jumatatu. Nasema hivi kwasababu ya maadili na pia kwasababu ya mchezo wenyewe, mtu anayecheza na hela anayoihitaji hawezi kucheza vizuri, anatupa mkono mzuri kwa woga, dakika kumi baadaye anafuata uchafu kwa sababu anataka kurudisha.

Kwenye meza ya 1 na 3 chipu za dola 300 ni blaindi kubwa 100, nunua hizo kamili. Kuna watu wananunua dola 100 wakidhani wanajilinda, matokeo yake siku wakishika mkono wa ajabu na mwenzao ana mkono mzuri wa kuwalipa wanavuna dola 100 tu badala ya 300. Anayetaka kucheza kwa umakini wa kila wiki wachezaji wengi watamwambia awe na mara 20 ya hiyo, yaani dola 6,000 zilizotengwa pembeni kabisa. Wewe una kazi na unaenda mara moja moja, basi beba dola 600, yaani kununua mara mbili, kadi ya benki iache nyumbani, zikiisha umemaliza siku hiyo.

Na usijidanganye kuhusu faida. Mtu anayetengeneza blaindi kubwa 5 kwa saa, yaani dola 15, kwa muda mrefu, ni mzuri kweli kweli, na mtu huyohuyo anaweza kucheza saa 100 nzima akawa bado yuko chini bila kukosea chochote, maana bahati ya muda mfupi ina nguvu sana kwenye huu mchezo. Shifti za ovataimu zinalipa zaidi kwa wengi wetu. Cheza kwasababu unaupenda mchezo na unataka kuucheza vizuri.

Karata za kuingia nazo

Hapa ndo subira inapoanzia. Kuna aina 1,326 za karata mbili unazoweza kugawiwa. Esi mbili zinakuja mara 1 katika mikono 221, kwa kasi ya mikono 30 kwa saa ni zaidi ya saa saba za kukaa. Ukijumlisha esi mbili, kingi mbili, kwini mbili na esi na kingi, vyote kwa pamoja vinakuja kama mara 1 katika mikono 39, yaani mara moja kila saa moja na robo hivi, na kama mara 1 katika 5 utakaa saa mbili nzima bila kuona hata kimoja. Hiyo ni hali ya kawaida. Anayejua hii namba haoni ajabu saa ya pili inapoisha kapu tupu, asiyeijua anaanza kuona jeki na saba kama mkono mzuri.

Ukiwa viti vya mwanzo, wale wanaoongea (yaani kuamua kubeti, kufuata au kutupa) kwanza baada ya blaindi, ingia na jozi za saba kwenda juu, esi na kingi, esi na kwini, esi na jeki za alama moja (mfano zote kopa), kingi na kwini za alama moja. Basi. Hiyo ni kama mikono 7 katika 100. Viti vya nyuma, hasa ukiwa kwenye batani ambapo unaongea wa mwisho, unaweza kuongeza jozi ndogo zote, esi yoyote yenye mwenzake wa alama moja, kingi na jeki, na zile zinazofuatana za alama moja kama tisa na nane au nane na saba. Tofauti hii ya viti watu wanaipuuza sana. Ukiongea wa mwisho umeshaona wote wamefanya nini, unajua poti ina bei gani, unajua nani ametulia nani amebeti, ukiongea wa kwanza unatembea gizani, ndo maana esi na kumi kwenye kiti cha kwanza ni karata ya kutupa bila huruma na kwenye batani ni karata ya kucheza.

Ukiwa kwenye blaindi usijidanganye kwamba "nimeshaweka dola 3 acha nimalizie". Mtu akipandisha mpaka 20 na wewe una karata ya kumi na ya sita, zile 3 si zako tena, ni za poti.

Pandisha, usinyemelee

Meza hizi wana tabia ya kuingia kwa dola 3 tu watu watano sita afu waone flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunguliwa mezani. Wewe usifanye hivyo, ukiingia ingia kwa kupandisha. Kama hakuna aliyeingia kabla yako weka dola 12 hadi 15, kama wameingia watu ongeza dola 3 hadi 5 kwa kila kichwa. Utaona ni kubwa lakini kwenye meza hizi watafuata tu, wamekuja kucheza, hawakuja kutupa karata. Na sababu ni ya kihesabu, esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama asilimia 85, dhidi ya wanne zinashuka mpaka kama 56, dhidi ya watano ziko chini ya nusu. Wale wanaolalamika kwamba esi zao zinapigwa kila siku wengi wao waliwaacha watu watano waingie kwa dola 3.

Tuangalie mkono mmoja kwa karibu. Una kwini mbili, ya shupaza na ya uru, uko kwenye batani na dola 300. Watu watatu wameingia kwa dola 3. Unapandisha mpaka 25. Blaindi zote mbili zinatupa, mmoja wa wale watatu anatupa, wawili wanafuata. Poti ina dola 82, nyumba inachukua 7 zake pamoja na ya jackpoti, imebaki 75. Flopu inakuja tisa ya kopa, sita ya kopa, mbili ya shupaza. Wote wawili wanacheki, yaani wanapitisha zamu bila kubeti. Mtu mwoga hapa anabeti 20. Wewe beti 50. Kwanini? Kwasababu aliyefuata dola 25 akiwa na karata ya kumi na ya tisa mkononi hatatupa jozi ya juu kwa 50, na mwenye kopa mbili anayesubiri ya tano hatatupa kwa bei yoyote ile. Huyo wa kopa ana karata 9 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona, kama asilimia 19 kwenye karata inayofuata, na wewe unamwambia alipe 50 ili agombee poti itakayokuwa 175, yaani angehitaji kama asilimia 29 ili bei iwe ya haki. Kila akilipa bei hiyo wewe umepata faida hata kama leo kopa itashuka.

Mmoja anatupa, mmoja anafuata. Poti 175. Karata ya nne ni nne ya uru, haijabadilisha kitu. Anacheki, unabeti 110. Anafikiria, anaangalia karata zake tena, anafuata. Sasa poti ni 395 na umebakiwa na 115. Karata ya mwisho jeki ya maua. Anacheki. Hapa watu wengi wanacheki nyuma wakisema "labda ana kitu", hapana, sukuma zote 115, kopa haijaja, mtu aliyefuata mpaka hapa na esi na tisa ameshajishawishi kwamba wewe una esi na kingi na atalipa. Ukishinda unavuta dola 625, faida 325, mkono mmoja. Ungekuwa umebeti 20, 30, 40 ungevuta chini ya nusu ya hiyo faida na mwenye kopa angekuwa anakutafuta kwa bei ya kutupwa.

Blafu

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alishinda World Series of Poker pale Binion's Horseshoe Las Vegas akapata dola milioni 2.5, na blafu (kubeti kama una kitu wakati huna) aliyompiga Sammy Farha wakiwa wawili tu wamebaki imeonyeshwa kwenye TV mpaka leo. Baada ya pale dunia nzima ikataka kucheza hivyo. Shida ni kwamba TV inaonyesha mikono mitamu tu, ile mamia iliyotupwa kimya kimya inakatwa, mtu anakua akiamini poka ni kudanganyana kila dakika.

Blafu inamfaa mtu anayeweza kutupa karata. Meza ya 1 na 3 jamaa amekuja kutoka Ohio na mkewe, ana dola 500 za kuchezea likizo, ana jozi ya nane na anataka kuona una nini, huyo utamwambia nini? Hatupi. Kwahiyo kwa asilimia kubwa acha blafu kubwa kabisa kwenye karata ya mwisho. Blafu inayofaa ni ile ndogo ya flopu, ulipandisha wewe, amefuata mtu mmoja tu, flopu imekuja kavu kama kingi, saba na mbili, unabeti nusu ya poti hata kama hukushika kitu. Mara nyingi naye hakushika, maana karata mbili zisizo jozi zinapata jozi au zaidi kwenye flopu kama mara 1 katika 3 tu. Akifuata, umemaliza, usiendelee kumwaga hela.

Kutafuta karata na jozi ndogo

Kuna hesabu mbili za kushika kichwani na zinatosha. Ukiwa kwenye flopu hesabu karata zinazokuokoa, zidisha kwa 4 upate asilimia ya kufika mwisho, kwa 2 kama ni karata moja tu inayofuata. Ukisubiri flashi, yaani karata tano za alama moja, una karata 9, kama 35 mpaka mwisho na kama 19 kwa karata moja. Streti, yaani karata tano zinazofuatana, iliyo wazi pande zote ina 8, kama 31 na 17. Streti ya kati inayosubiri karata moja maalum ina 4 tu, kama asilimia 8 au 9 kwa karata moja, na hii ndo inayowamaliza watu, tupa hiyo kitu mtu akibeti vizuri. Afu linganisha na bei: unalipa ngapi ukilinganisha na poti yote baada ya wewe kulipa. Ukilipa 20 na poti ikawa 100, unahitaji asilimia 20.

Jozi ndogo kama nne mbili au sita mbili lengo lake ni moja, kupata ya tatu kwenye flopu, na inatokea kama mara 1 katika 8 na nusu. Kwahiyo fuata dola 15 kama wewe na mwenzako wote mna 250 au 300 mbele yenu, ikikosekana tupa bila kuaga. Kama mwenzako amebakiwa na dola 60, hata ukipata hiyo ya tatu hatakulipa vya kutosha kufidia zile mara saba ulizokosa.

Kutupa mkono mzuri

Hii ndo sehemu ngumu kuliko zote na inahitaji moyo. Una esi na kingi, umepandisha mpaka 15, amefuata mzee mmoja tu aliyevaa kofia, ana kahawa, amekaa tangu mchana na hujamwona akipandisha hata mara moja. Poti ni kama 30 baada ya makato. Flopu ni kingi, nane na tatu, alama tofauti. Unabeti 20, anafuata. Karata ya nne ni tano, unabeti 40, anafuata. Karata ya mwisho ni mbili, unabeti 60, na mzee bila kubadilika sura anasema nasukuma zote, una dola 165 zimebaki za kulipia.

Poti inakuvutia, 435 tayari ipo pale, unahitaji kuwa sahihi kama mara 27 au 28 tu katika 100. Lakini jiulize huyu mzee angefanya hivi na nini? Kingi na kwini angefuata tu kama alivyofanya mwanzo. Nane na esi pia. Zinazobaki ni karata tatu za namba moja, za nane, za tatu au za tano, labda kingi na nane, na zote zinakupiga. Mchezaji mkimya akipandisha karata ya mwisho kwenye meza ndogo, jozi yako moja haina kazi tena, hata iwe nzuri kiasi gani. Tupa. Usimwonyeshe mtu ulichotupa, usiombe akuonyeshe, chukua kikombe chako cha maji mkono unaofuata unagawiwa. Ukijifunza kutupa mkono huu mmoja tu umeokoa hela nyingi kuliko utakazopata kwa blafu zote za maisha yako.

Ukiwa unasubiri fanya nini

Weka simu mfukoni. Kusubiri huku unaangalia mechi ya Arsenal ni nusu subira, utajikuta unacheza karata mbovu ili tu ufanye kitu. Angalia watu. Mkono ukifika mwisho na karata zikafunguliwa rudi nyuma kichwani, huyu alifuata kwa karata gani, alibeti ngapi alipokuwa na kitu, alibeti ngapi alipokuwa anadanganya. Baada ya saa moja utakuta watatu wanafuata kila kitu, mmoja anapandisha kila mkono, wawili hawabeti mpaka wawe na moto. Mtu ambaye mikono inatetemeka anapoweka chipu mara nyingi ameshika mkono mkubwa, usidhani ni woga. Anayekuangalia usoni kwa ukali akisukuma chipu mara nyingi angependa utupe.

Ukiona kiti upande wa kushoto wa yule anayepandisha ovyo kimekuwa wazi mwombe dila uhamie, uongee baada yake. Na meza ikijaa wazee sita wa kahawa mwambie msimamizi akuhamishe, subira dhidi ya subira hailipi kitu, inalipa kamisheni tu. Ijumaa na Jumamosi usiku ndo muda mzuri. Vinywaji vya bure Nevada wanaleta mpaka ulipo, chukua maji au kahawa, mpe mhudumu dola 1 yake, hao wengine waache wanywe.

Sheria zinazokula hela ya wageni

Vyumba vingi huku wakati mkono unaendelea ni Kiingereza tu mezani. Ukikaa na mshikaji wako mkaanza kuongea Kiswahili mmeshika karata mtaonywa, na meza nzima itawashuku kwamba mnashirikiana. Ongeeni nje, na mkiwa wawili kwenye meza moja chezeni dhidi ya kila mtu kwa haki, pamoja na nyie wenyewe kwa wenyewe.

Ukitaka kupandisha sema kwa mdomo namba kwanza. Ukitupa chipu moja kubwa ya dola 25 bila kusema kitu wanahesabu umefuata tu. Ukiweka chipu kidogo, ukarudi kuchukua zingine, zile za pili hazihesabiwi. Ukisema kitu kwa zamu yako kimekufunga. Weka chipu moja juu ya karata zako dila asizikusanye kwa bahati mbaya, na usiachie karata mpaka poti imesukumwa kwako. Ukishinda huruhusiwi kuficha chipu mfukoni ukaendelea kucheza na kidogo, unatoka nazo zote au unabaki nazo zote.

Ukichemka, ondoka

Itatokea tu. Umesukuma zote na kingi mbili dhidi ya jamaa mwenye kopa mbili, kopa imeshuka mwisho, dola 300 zimeenda na jamaa anacheka. Hakuna ulichokosea hapo. Kosa linakuja mkono unaofuata. Inuka, nenda chooni, tembea mpaka nje upigwe na hewa, kiti chako kitasubiri, vyumba vingi vinakuachia muda. Ukirudi ukajikuta bado unamtafuta yule jamaa tu na siyo karata nzuri, kabadilishe chipu uende. Na ukiona unadanganya nyumbani ulikuwa wapi, au unakopa ili urudi mezani, huo tayari ni ugonjwa, piga 1-800-GAMBLER, ni bure popote Marekani na ni siri.

Rekodi na kupanda meza

Andika kwenye simu kila siku ukiinuka: kasino gani, saa ngapi ulikaa, uliingia na ngapi, ulitoka na ngapi, na mkono mmoja ambao huna uhakika nao ili uufikirie kesho ukiwa umetulia. Bila rekodi kila mtu anakumbuka siku alizoshinda. Ukifikisha saa 300 hivi na jumla iko juu, na mtaji wako umetosha kwa ajili ya meza ya dola 2 na 5 bila kugusa hela ya nyumbani, kajaribu kule, chagua Jumamosi usiku na nunua dola 500. Utakuta watu wanaopandisha mara ya pili kabla ya flopu na wanaojua kutupa, kwahiyo jozi ndogo na zile karata zinazofuatana zinapungua thamani na esi na kingi inapanda. Ukipoteza mara mbili ya ulichonunua rudi 1 na 3 wiki inayofuata uendelee kujenga, meza zipo kila siku.